Nilivyoichomoa Barua ya Shamba

Shule niliishia darasa la pili, lakini mipaka ya shamba langu la Ipagala naijua kama kiganja changu. Wapimaji wa viwanja walipofika, ofisi ya ardhi ikatangaza kwamba mwenye pingamizi alete barua iliyopigwa chapa, mwisho Ijumaa saa tisa. Asiyeleta, shamba lake linagawiwa.

Mjukuu wangu alikuwa anawapigia watu chapa barua zao kwa kompyuta kuukuu, sebuleni kwangu Miyuji. Ilikuwa inaendeshwa na mfumo uitwao Linux. Mwalimu mmoja wa chuo alimwekea bure. Ijumaa ile nilimtajia mipaka kwa mwendo ninaoupita nikilima: mstari wa minyaa, kichuguu, korongo, mpaka kurudi kwenye minyaa. Nikikatizwa, naanza upya. Saa sita tukamaliza, akatoka kununua karatasi.

Kidogo, kioo kikawa cheusi tii. Nikajua imejizima, na umeme unaliwa bure. Nyumbani kwangu redio ikinyamaza inachomolewa na kufunikwa. Nikachomoa, nikafunika kwa kitambaa nilichodarizi mwenyewe.

Aliporudi akafunua, akawasha, akatafuta. Barua hakuna. Hakuwa ameihifadhi hata mstari mmoja.

"Watu wa umeme wametumaliza, bibi."

Nami niliyewachapa wanangu kwa uongo mdogo kuliko huo, nikanyamaza. Saa saba ilikuwa inakaribia.

Tukaanza tena. Nilipofika kwenye korongo nikasita kitambo kirefu, nikitafuta linapopinda, na kioo kikawa cheusi tena. Nikashika ukingo wa meza. Yeye akasukuma mausi tu, kompyuta ikamdai neno la siri, akaandika, na barua ikarudi nzima.

"Kumbe haikuwa imezimika," nikasema.

"Lini?"

"Ulipokwenda kununua karatasi. Mimi ndiye niliyechomoa."

Akanigeukia. "Umeniacha nawasema watu wa umeme bure."

"Lawama hiyo iwe akiba. Kesho watakukosea kweli. Andika."

Hakuandika. Akahifadhi barua kwanza, kisha akafungua mahali pa mipangilio, nikamfokea kwamba saa inakwenda. Akanionyesha hata hivyo: kompyuta isipoguswa dakika tano, kioo kinajipumzisha na kujifunga, kazi iliyomo haiguswi. Akaondoa alama ya kujifunga, na zile tano akazifanya sitini.

"Wewe unawaza polepole, bibi. Sasa itakungoja."

Nikafumba macho, nikalipita korongo lote kwa utaratibu wake. Kioo hakikuzimika, na barua akaitoa kwenye karatasi.

Tulifika ofisini karani akiwa ameshika kitasa kufunga. Akaisoma barua akiwa amesimama, akauliza korongo linapinda upande gani wa kichuguu. Nikamjibu kabla hajamaliza kuuliza. Akarudi mezani, akagonga muhuri.

Shamba lilibaki langu. Kitambaa nilikirudisha kwenye redio, na waya wa kompyuta sikuushika tena bila kumuuliza yeye kwanza.