Waridi na Vitunguu Saumu

Kila ninapotwanga vitunguu saumu, wengine jikoni husikia harufu ya mchuzi. Mimi husikia mawaridi.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, nyumba zote zimepangwa mstari mmoja, na mama alikuja na kijiti cha waridi amekifunga kwenye jani bichi la mgomba. Akakipanda kwenye kituta kidogo mbele ya mlango. Bibi, mama yake baba, alikitazama akauliza, "Ua linaliwa?" Kesho yake akakizungushia maharage, maana kwetu Kasulu udongo haukai bure, hata chini ya migomba kuna maharage.

Basi maharage yakapata mti wa kupanda. Yakalisokota waridi mpaka likainama, na matumba yake yakajaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu.

"Yang'oeni hayo maharage," bibi akasema, "lakini mpande chakula."

Mama akanigeukia. "Haya mwanangu, tupande nini?"

Sijui ujasiri niliutoa wapi. "Vitunguu saumu! Vinaliwa, na havimpandi mwenzao mgongoni."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Nikavipanda mwenyewe, punje kwa punje, na vidole vyangu vikanuka hata mezani.

Mvua zilipokolea, harufu ya vitunguu ikawafukuza vidukari, wakapungua, kisha sikuwaona tena. Asubuhi moja waridi likafunguka, jekundu, kubwa kama kikombe cha uji. Nikapiga kelele, nyumba nzima ikatoka. Bibi akatua jembe lake. Akainama, akapiga makofi polepole, vile tunavyowaamkia wakubwa wetu, akaliamkia ua.

Nusu ya makofi yale ni yangu, na simwachii mtu.