Nane Ambayo Briseida Hakuiandika

Wewe uliyepanda juu ya kiti siku ile ukamwita Briseida Lowe mwizi, hebu tuanze na wewe. Raundi ya tano, bondia Serracín alipoamka baada ya kuanguka, uliona nini? Sema ukweli. Hukuona kitu. Ulikuwa umemkumbatia jirani yako, bia inamwagika, unapiga mayowe kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Raundi ilikuwa imebakiza zaidi ya dakika mbili, wewe ulishafunga hesabu. Halafu tangu siku hiyo unazunguka Colón nzima ukifundisha watu jinsi ya kutoa pointi.

Yeye alitazama. Alikuwa kwenye kigoda chake cha jaji chini ya ulingo, shingo juu kama jogoo aliyesikia kitu, na alitazama.

Briseida ni msusi. Sebule yake ndiyo saluni: kioo kimoja, viti viwili vya plastiki, feni inayozunguka ikijisikia. Mdomo wake mnaujua. Mteja akilalamika kwamba anavutwa, anaambiwa, "Tulia na kichwa chako, au ondoka nacho." Zamani kaka yake alikuwa bondia, na yeye ndiye aliyembebea ndoo na sponji kwenye kona. Masomo yake yote ya ngumi aliyapata hapo, akiwa amelowa maji na damu ya kaka mtu. Kaka alipoacha ngumi, sikio moja limekufa kabisa, dada akaenda kuomba leseni ya ujaji. Wakamcheka. Akaomba tena. Walipompa haikuwa kwa mapenzi: jaji mmoja alikuwa amefariki, mwingine kahamia kwa binti yake, na kigoda hakiwezi kujikalia chenyewe.

Kile kigoda ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka hadi akakipata. Na ndicho mnachotaka kumnyang'anya.

Kanuni yenyewe haihitaji chuo. Anayeshinda raundi anapata kumi, mwenzake tisa. Ukiangushwa unakatwa moja zaidi, unabaki na nane. Wengi wenu mnaishia hapo, kama mtu aliyesoma nusu ya tangazo. Raundi ni dakika tatu, na aliyeanguka akiutawala muda uliobaki, jaji anaweza kumrudishia ile moja. Jaji kawekwa pale azitazame zote tatu.

Lakini jumba letu la ngumi si mnalijua? Limebana kiasi kwamba aliyekaa safu ya mbele anaisoma kadi ya jaji juu ya bega lake. Ndiyo tukajizoesha uchafu: bondia akianguka, safu ya mbele haitazami tena ulingo, inatazama kalamu. "Nane! Andika nane!" Na majaji wetu, mioyo ya kuku, wanaandika hapo hapo, kengele haijalia, kisha kalamu inawekwa chini. Ukichelewa, umehongwa. Ndivyo tunavyoishi.

Sasa Yayo Grenald, mtoto wa hapa hapa, mwenye mkanda wake kiunoni, alimfyatulia Serracín, yule mfupi wa Chiriquí, ngumi ya kushoto raundi ikiwa bado mbichi. Serracín akakaa chini kama mtu aliyeondolewa kiti. Akahesabiwa, akasimama, anatikisa kichwa kwa hasira, si kwa kizunguzungu. Jumba likalipuka. Nyuma ya Briseida mtu alishainama, pumzi ya pombe shingoni mwake. "Nane hiyo, mama. Andika basi. Unangoja nini?"

Briseida akaifunika kadi kwa kiganja.

Kosa lake lote ni hilo. Angeitafuna ile kadi msingekasirika hivyo.

Maana raundi iliendelea. Serracín alimsukuma Yayo hadi kwenye kamba, akaanza kazi: mbavu, mbavu, kidevu. Yayo akajaribu kumkumbatia, akapigwa huku kakumbatia. Mara mbili refa alijipenyeza katikati kumwangalia macho. Kengele ilipolia Yayo alienda kukaa kwenye kona ya mwenzake, wakamgeuza. Ndipo Briseida akaondoa mkono, akaandika. Yayo kumi, kwa sababu kuangusha ni kuangusha. Serracín tisa na si nane, kwa sababu muda wote uliobaki alimtwanga mtu kama mahindi kwenye kinu.

Mwisho wa pambano jaji mmoja akampa Yayo, wa pili akampa Serracín. Kadi ya Briseida ikampa Serracín kwa pointi moja. Ile moja. Angeandika nane, kadi yake ingekuwa sare, pambano lingekuwa sare, na mkanda ungebaki kwa bingwa wake, hapa Colón. Barafu zikaanza kuruka, vikafuata vikombe, kikafuata kiti.

Kesho yake saluni ilikuwa tupu. Mtu kaandika MWIZI ukutani kwa rangi ya boti, ile isiyotoka. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Nicasia, mama mzazi wa Yayo, na hakuja kusukwa.

"Mwanangu alimwangusha yule."

"Alimwangusha, mama."

"Sasa?"

"Sasa nini? Akaamka."

"Aliyeanguka kashindwa! Hata mbwa anajua!"

"Basi nendeni mkampe mbwa leseni. Umebeba nini?"

Nicasia akautazama mfuko wake kama ndiyo kwanza anauona. "Supu ya Yayo."

"Na hicho?"

"Mrija."

"Mrija wa nini? Kijana ana meno yote."

"Taya linamuuma, shetani wewe!"

"Mshindi gani anakunywa supu kwa mrija, Nicasia? Kengele ilipolia niligeuka nikakuona. Ulikuwa bado umejifunika uso na shali. Nane yako uliionea wapi, ndani ya shali?"

Nicasia aliufunga mfuko wake. Kisha akasema polepole, kama anayemlaani mtu, "Nywele zangu nitaenda kusukia mjini Panama."

"Nenda. Wakikuvuta, usirudi kulia hapa."

Baada ya hapo Briseida akaitwa ofisini kwa Mzee Abdiel Urriola, mwenyekiti wa tume ya ngumi. Alimkuta na Tito Barsallo, yule jaji aliyempa Yayo ushindi, anakunywa kahawa.

"Dada Briseida," Urriola akasema, akimsogezea karatasi, "saini tu kwamba ulichoka. Uchovu si dhambi. Tunaligeuza pambano liwe sare, unapumzika kidogo, unarudi kwenye kigoda chako. Usiposaini, leseni unaiacha hapa."

"Nilichoka raundi ya tano, ya sita nikapona?"

"Usiniletee ujuba."

Briseida akamgeukia Tito. "Wewe uliandika lini?"

"Alipoanguka. Kama kila mtu. Acha ukaidi, Brise. Ukingoja kengele wanasema umekula hela. Mimi nina watoto."

"Ulipomaliza kuandika, ulitazama?"

Tito akachungulia ndani ya kikombe. "Nilipiga makofi kidogo."

Briseida akashika kalamu. Msidhani hakushawishika. Kile kigoda alikitaka kuliko alivyowahi kumtaka mume, na mume alikuwa naye. Kalamu ilifika kwenye karatasi.

"Nikirudi," akauliza, "nitakuwa nafanya nini pale?"

"Mtu akianguka unaandika nane," Urriola akasema. "Kazi nyepesi."

Akailaza kalamu. Akafungua pochi, akatoa leseni, akaiweka mezani mwenyewe. "Kazi nyepesi mpe Tito, anapiga makofi vizuri. Mimi nakata rufaa. Na nataka isikilizwe mbele za watu, si humu kwenye kiyoyozi chako."

Alirudi nyumbani kwa miguu, na mtaani kwao wakamzomea hadi mlangoni.

Rufaa inasikilizwa Alhamisi, saa kumi jioni, kwenye jumba la ngumi, na video ya raundi ya tano itaonyeshwa ukutani. Njoo. Ukitaka kumzomea, mzomee, mdomo ni wako. Ila bia iache nje, usimkumbatie mtu, na uitazame raundi mpaka kengele ilie. Halafu Urriola akiuliza kama kuna mwenye la kusema, simama useme ulichokiona.