Mkwe alivyotufundisha PR Mtito Andei mpaka hoteli ikabaki na nzi

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma uzi wa yule kijana analia ati kampuni imewapeleka team building, wakavutana na kamba mchana mzima, wakarudi kazini na mikono imechubuka na bosi ni yule yule.

Kijana, wewe shukuru. Umevuta kamba tu. Sisi training karibu itufungie hoteli.

Haya nasimulia yalinipata mimi mwenyewe. Wengine tuliokuwa nao bado wako hai huko Makueni na wana simu, nikidanganya watanisuta hapa hapa. Chumvi kidogo mtanivumilia, mimi nimekaa jikoni miaka mingi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa weita Mtito Andei, pale kwa barabara ya Mombasa.

Nikisema hoteli, nyinyi vijana msifikirie kitanda na swimming pool. Hoteli ya kula. Benchi za mbao, karai la kunawa mlangoni, na nyuma kuna jikoni ambako mbuzi alikuwa anaingia na miguu yake na kutoka na sahani.

Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja mjane, tulimwita Mama Katunge. Mama wa kanisa, sauti ya kwaya, mkono mzito. Alikuwa anapika mwenyewe, anapakua mwenyewe, na akitoka jikoni kuja kwa meza hata wasio na njaa walikuwa wanamaliza sahani.

Siku hizi mnasema HR. Zamani walisema personnel. Sisi tulisema Mama.

Wateja wetu walikuwa madereva wa malori. Na dereva wa lori wa siku zile, wakuu, alikuwa na sheria moja: haulizwi.

Mbona haulizwi? Kwa sababu hakuna dereva hakuwa na kitu. Huyu amebeba abiria juu ya mzigo na tajiri wake hajui. Yule amepunguza diseli kidogo pale porini akauzia watu wa mitungi. Mwingine ana mke Mombasa na mwingine Emali, na hapa kwetu amefika na wa tatu.

Kwa hivyo dereva akiingia unampa maji ya kunawa, unaleta ugali na mbuzi ya kuchemsha, unafunga mdomo. Akitaka kuongea ataongea. Hoteli ilikuwa inajaa mpaka watu wanakula wamesimama.

Sasa Katunge, yule binti ya Mama, akaolewa na kijana wa huko Migwani, Titus. Titus alikuwa amesoma. Kazi yake Nairobi ilikuwa kufundisha wafanyakazi wa makampuni. Siku moja akaja likizo, akakaa kwa hoteli akanywa chai, akatuangalia, akatikisa kichwa vile daktari hutikisa kichwa kabla hajakwambia.

Akasema hatuna PR. Public relations. Akasema atatufundisha bure, kama zawadi kwa mama mkwe.

Wakuu, kitu cha bure kutoka kwa mkwe kinakataliwaje?

Na hapa lazima nieleze jambo la kwetu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa vile tuliharibikiwa.

Kwetu Ukambani kuna nthoni. Ni ile haya ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ovyo. Akiwa kwa njia, mama anaingia kichakani. Kuna namna ya kuimaliza, kijana anapeleka zawadi zake, wazee wanakula, wanasalimiana. Lakini Titus alikuwa ameshasema hayo ni mambo ya kale, yeye ni mtu wa kisasa, kwa hivyo hakupeleka kitu.

Mama naye alikuwa ameokoka. Lakini nthoni yake haikuokoka. Alikuwa anaiacha nje ya kanisa, na akitoka anaivaa tena.

Mnaona shida? Titus akikaa upande wa wateja, Mama hawezi kutoka jikoni. Katika hoteli yake. Alikuwa anasukuma sahani kwa kale kadirisha, unaona mkono tu na bangili.

Basi training ikaanza kwa stoo ya pembeni, katikati ya magunia ya maharagwe, na mwenye mali haoni wala kusikia kinachofundishwa.

Tulikuwa maweita wawili, mimi na Mutua. Titus akatuvalisha shati nyeupe, tai nyeusi, suruali ya kupigwa pasi, na jina kifuani. Mimi shule niliachia njiani, sikuwa nimewahi kuvaa tai. Nikajiangalia kwa kioo cha lori moja limepaki hapo, nikaona District Officer.

Akatufundisha kucheka. Si kucheka kwa sababu kuna kichekesho. Kucheka tu. Mutua meno yake yalikuwa ya kahawia na maji ya kisima cha kwao, akaambiwa acheke nusu.

Halafu ikaja ile yenyewe. Akasema mteja anapenda kujulikana. Akifika, simama wima, tabasamu, sema jina lako, kisha muulize maswali matatu: yeye anaitwa nani, anatoka wapi anaenda wapi, na amebeba nini.

Mtaniuliza, na wewe Musyoka ulijua dereva haulizwi, mbona hukusema? Wakuu, tai ikifungwa vizuri damu haifiki kichwani. Halafu Titus alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mafunzo atatupima na weita ni mmoja tu atabaki. Mmoja aende nyumbani. Mimi nilikuwa na watoto wanakula kwa hiyo kazi, na ilikuwa mwaka wa ukame, nyumbani shambani hakukuwa na kitu hata cha ndege. Ningeambiwa niulize tembo wa Tsavo anatoka wapi ningemuuliza.

Siku ya mtihani Titus akasimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Akaingia Swaleh.

Swaleh alikuwa dereva wa Mombasa, mtu wa maneno matamu, mteja wetu toka nianze kazi. Tanboi wake, yule msaidizi wa lori, nilikuwa namjua, mke wake namjua, ile meza yake hakuna mtu alikuwa anaikalia.

Mutua ndiye alikuwa karibu. Titus akampa ishara. Mutua akafungua mdomo, akamwangalia Swaleh, akafunga mdomo, akaenda kuleta maji ya kunawa kama kawaida. Titus akatikisa kichwa. Mutua ameanguka.

Nikajua mimi ndiye nitabaki.

Nikaenda na tabasamu lote. Nikasimama wima. "Good afternoon sir. Mimi naitwa Musyoka. Wewe mwenzangu unaitwa nani?"

Swaleh akacheka. Akafikiri ni mzaha.

"Unatoka wapi, na unaenda wapi?"

Kicheko kikakauka. Akaangalia shati. Akaangalia tai. Akamwangalia Titus kwa ukuta, mgeni, kimya, viatu vinang'aa.

"Na umebeba nini?"

Pale ndani kulikuwa na madereva wengi. Mikono yote ikasimama.

Swaleh akasema polepole, "Musyoka, yakhe. Tangu lini ukawa polisi kanzu?"

Akaamka. Ugali wa wenzake ulikuwa bado unatoa moshi. Mmoja akamfuata, wengine wakafuata, na nje nikasikia malori yanawashwa moja baada ya lingine kama kumetokea moto.

Titus akanishika mkono. Akasema nimepita vizuri sana. Ni hao wateja ndio hawajazoea.

Kesho yake hakuna lori lilisimama kwetu. Yote yalisimama ng'ambo ya barabara, kwa kibanda kimoja cha mabati ambacho hata maji ya kunawa kilikuwa kinaazima kwetu. Habari ilikuwa imefika Emali na imefika Voi kwamba pale kwa Mama Katunge serikali imeweka watu wake, wamevaa tai.

Siku ya tatu Mama akaniita kwa kadirisha. Alikuwa ameshindwa kuelewa kwa nini sahani haziitishwi. "Musyoka, watu wangu wako wapi?"

Nikamweleza yote. Akaniambia niende nimwambie mwalimu, kwa heshima, kwamba tumeshukuru na mafunzo yametosha.

Nikampelekea. Titus akasema nimwambie Mama kwamba hiyo inaitwa resistance to change, iko kwa vitabu, na dawa yake ni refresher course. Wiki nzima.

Nikarudi kwa kadirisha na hiyo refresher course. Sikujua kuitafsiri. Nikasema, "Mama, anasema anaanza upya."

Wakuu, mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Mama alitoka akiwa amejifunika leso kichwani mpaka puani, akitembea kwa upande kama kaa wa Mombasa, akasimama akiangalia ukuta. Titus akaruka, akageukia ukuta wa pili. Mimi niko katikati na tai yangu. Mutua amejificha stoo nyuma ya magunia.

Mama akauambia ukuta, "Musyoka, mwambie mwana wa wenyewe mafunzo yameisha."

Nikageuka. "Mama anasema mafunzo yameisha."

"Mwambie Mama bado hatujafika customer feedback."

"Anasema bado hatujafika huko."

"Muulize hao customer wako wapi."

Nikamuuliza. Titus akaangalia benchi. Nzi walikuwa wamekaa kwa mpango mzuri, kila mmoja na meza yake.

Akajibu chini chini kwamba watarudi wakishaelimika.

Mama akasema, "Mwambie kuna basi la Nairobi linapita sasa hivi. Katunge nampenda, na mume wa Katunge namheshimu. Ndiyo maana simwambii mimi."

Hilo sikuhitaji kulipeleka. Titus alikuwa ameshachukua mkoba. Nadhani hata yeye alifurahi kutoka, maana kusimama na mama mkwe chumba kimoja kulikuwa kumemtoa jasho kuliko sisi wote. Mtu wa kisasa.

Nikafikiri yameisha. Nikaanza kulegeza tai.

"Wewe wapi?" Mama akaniambia, sasa leso imeshuka na uso wote ninauona. "Mutua alinyamaza. Wewe ndiye uliwafukuza na mdomo. Enda uwarudishe. Wasiporudi, usirudi."

Hivyo ndivyo nilivuka barabara, wakuu, mimi niliyepita mtihani, na Mutua aliyeanguka akabaki akifagia.

Tai nilivua nikaiacha kwa waya ya nguo. Nikaingia pale kibandani. Swaleh alikuwa amekaa na wenzake. Nikafikiria niseme nini. Nimwambie samahani? Nimweleze PR? Nimweleze mkwe? Hata mimi nisingeamini.

Nikakaa mbele yake. Nikaagiza ugali. Nikala.

Ugali wenyewe haukuwa umeiva, nawaambieni ukweli. Nikala wote, sikuinua kichwa, sikusema neno. Watoto wangu ndio walikuwa kwa ile sahani.

Swaleh akanitazama sana. Mwishowe akasema, "Leo huniulizi nendako?"

Nikaendelea kutafuna.

"Wala nilichobeba?"

Nikasukuma chumvi upande wake.

Akawageukia wenzake. "Huyu si polisi. Polisi hawezi kunyamaza hivi." Halafu akaniambia mimi, "Kamwambie Mama aweke mbuzi motoni. Ugali huu wa hapa si wa kulisha mtu."

Nilirudi. Mama hakuniuliza kitu, akaniona tu uso, akachukua kisu.

Titus alipanda cheo huko Nairobi. Nasikia alifundisha makampuni makubwa mpaka akastaafu, na hotuba yake moja ilikuwa juu ya hoteli fulani ya barabarani ambayo watu wake walikataa maendeleo. Ni sisi hao. Tumesaidia watu kupata vyeti.

Mimi nilichojifunza ni kidogo. Mtu akija kufundisha kazi yako, kwanza mpe sahani, akae, ale, aone nani anaingia na nani anatoka. Akikataa kula, ameshajua kila kitu, huyo mfungulie mlango. Na wewe mwenye mali, usiajiri mwalimu ambaye huwezi kumwangalia usoni.

Haya, watu wa HR najua mko humu, njooni mnitukane polepole. Na wale wengine, hebu semeni: nyinyi mlifundishwa nini ambacho kilifukuza wateja?

Mkikaa kimya pia nitaelewa. Kimya kilinirudishia kazi.