Uvimbe wa Wanjiru Uliponyamaza

Nakumbuka asubuhi moja kule Eburru, mwanangu, nikiwa kijana wa ndevu za kwanza. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shimo la mvuke, linapumua kama mgonjwa. Baba alichoka nalo. Akalishindilia mawe na udongo, likanyamaza. Tukafurahi. Lakini mbwa akakataa kuingia ndani, kuku wakahama. Halafu asubuhi hiyo mama aliinua mkeka, akakuta sakafu imelowa, ya moto, na chini yake kitu kinapumua.

Jirani yetu, mzee sana, alimcheka baba bila furaha. "Umemziba mdomo. Ulidhani hana pua?"

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyesema hivyo hakuishi Eburru.

Sasa nisikilize. Juzijuzi mjukuu wangu Wanjiru alifura paja. Haukumuuma ule uvimbe, ndiyo maana mama yake alikuwa anaukanda tu na mafuta. Hospitalini Nakuru daktari akasema ni saratani ya misuli.

"Chembe za mwili hukua zikipata amri, mzee. Hizi zinasikia 'kua, kua' saa zote."

"Nani anaziamrisha?"

"Hakuna mtu. Amri inajirudia yenyewe huko ndani."

Nikalikumbuka lile shimo. Akasema ziko dawa za kuua chembe hizo, na zingine bado zinajaribiwa, za kuziba njia ya ile amri. Ila ukiziba njia moja, chembe huweza kutafuta nyingine.

Wanjiru akaanza dawa. Nywele zikaisha, uvimbe ukapotea, ukipapasa hupati kitu. Kamau, baba yake, akafunga mkoba turudi nyumbani.

"Baba, imeisha. Mtoto amechoka kutapika."

"Imenyamaza. Nani amekuambia imeisha?"

"Wewe hata darasa la tatu hukumaliza. Unajua nini ya saratani?"

"Sijui kitu. Daktari ndiye anajua, na hajasema twende. Mimi najua sakafu ya mama yangu."

"Guka," Wanjiru akaniuliza mimi babu yake, "mbona umeweka sikio kwa mguu wangu?"

Kamau alinitazama nimeinama vile, akafungua mkoba, tukabaki.

Bado tunaenda kliniki. Daktari hajasema amepona, nami sisemi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwanangu, mtoto akifura mahali, hata pasipouma, usikande, usingoje. Mpeleke. Akianza dawa, aache siku daktari atakayosema, si siku macho yako yameridhika. Mungu akupe watoto watakaokuzika wewe, si wewe kuwazika.