Huyo Ng'ombe, Nani Alimchinja?

Mwaka ule nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, sukari ilikuwa imepotea Bujumbura, na milio ya risasi tuliisikia upande wa Gasenyi. Idi ikaja vilevile. Mtaani kwetu Nyakabiga tulikuwa na desturi: Idi, jirani Mkristo analeta bomboni, pipi za watoto, Noeli, mimi ninampelekea pilau. Jirani yangu, mama wa Uvira aliyechuuza vitenge, alivuka mpaka kwenda kwao akarudi na mfuko mzima wa bomboni laini, karatasi zake zina picha ya ng'ombe.

Mimi sikusoma sana. Nikamwomba anisomee Kifaransa cha mfuko. Akasoma: sukari, maziwa, rangi, jelatini.

"Jelatini ni nini?"

"Inatoka mu mifupa na ngozi ya nyama."

"Nyama gani?"

"Hawakuandika."

Shemeji yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni, akacheka. "Ng'ombe si huyo hapo? We mama, watu wanakufa, we unauliza bomboni!"

"Huyo ni wa maziwa. Na kama mifupa ni yake, nani alimuchinja? Ulikuwapo? Ulisikia bismillahi?"

"Wakati wa vita inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa kwa mwenye kufa njaa. Mutoto gani hapa anakufa kwa kukosa bomboni?"

Shemeji sikumwogopa. Niliyemwogopa ni jirani. Majirani walikuwa wanahama nyumba baada ya nyumba, na majina yao wote ninayo kichwani hadi leo. Huyu akiondoka na hasira, nabaki na nani? Lakini nilimwambia usoni:

"Dada, hizi wajukuu wangu hawatakula. Usinichukie."

Akanitazama. "Askari walitaka kuninyang'anya mu bariera ya barabarani, nikakatala. Leo ni weye unazikatala?"

"Ni mimi."

Akajifunga kitenge upya, kama mtu anayeondoka. Kisha akauliza, "Karanga unazo?"

"Ziko."

Akaenda kwake, akarudi na sukari ndani ya kikombe, yote aliyokuwa nayo. Bomboni aliwaachia watoto wake. Tukakaanga karanga, tukamenya, tukapika kashata jioni ileile, yeye akikoroga, mimi nikikata zikiwa bado za moto.

Shemeji akanyoosha mkono kwenye sinia. Jirani akampiga kofi vidoleni.

"Apana, shemeji. Uliza kwanza muko nini ndani."