Pua za Mchu

Mama hakuruhusu mtu kuingia na viatu kwenye msitu wa michu, mikoko ya ufukweni kwetu. Huko ndiko alikookota tondo, konokono wa matopeni tuliowala kwa nazi, na ukikanyaga ile mizizi inayochomoza wima kama penseli, alikufinya sikio. "Unamkanyaga mtu pua!" Tope lile halina hewa, alisema, maji yakitoka, mti unapumulia vijiti hivyo. Mimi msomi wa shule ya mjini Palma nilicheka kimoyomoyo.

Gesi ilipopatikana baharini, Kireno changu kikawa mali. Mkandarasi mmoja aliyetafuta pa kushushia mizigo alinichukua kuwa mkalimani. Nilivaa kofia ngumu na fulana ya kung'aa, nikajiona nimefika. Kwenye mkutano wa kijiji, msimamizi wake aliuliza: wakimwaga mchanga baina ya michu, bila kukata mti hata mmoja, kina mama watakubali?

Mama akasimama. "Mwambie, mwanangu, vijiti visifukiwe. Miti inapumulia pale. Wakivifukia, msitu wetu utakufa."

Niliona haya. Nilihofu msimamizi atacheka habari za miti yenye pua, kisha anicheke na mimi. Basi nikamwambia kwa Kireno: "Anasema msikate miti." Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Ulimi hauna mfupa.

Neno lao walilitimiza. Hawakukata hata tawi, ila mchanga waliumwaga mpaka magotini, wakaushindilia. Miezi kadhaa michu ilisimama kijani, nikaanza kutulia. Kisha majani yakageuka manjano, yakapukutika, na tondo wakaisha. Mama alikwenda na jembe kufukua mti mmoja mkubwa. Nilifukua naye. Tulikuta vijiti vimeoza, vinanuka yai viza. Niliendelea kufukua.

Wanawake wenzake walitukuta pale, ndoo tupu mikononi, wamekasirika. "Binti yako ndiye aliyekuwa mkalimani! Aliwaambia nini watu wale?"

Mama aliinuka, akaniwekea begani mkono wenye tope. "Aliwaambia kila neno. Nilimsikia kwa masikio yangu. Wao ndio hawakutaka kusikia."

Mama hakujua Kireno hata chembe. Nami nilinyamaza. Amekufa akinisifu, na wanawake wale mpaka leo huwaambia binti zao wasome, wapate kuwasemea mama zao kama nilivyomsemea wangu.