Sauti ya Mama Kwenye Kona ya Tangawizi

Watu hututania Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mimi sikatai. Ila kesi yangu haikuwa ya kuku, ilikuwa ya sauti ya mama yangu, na mpaka leo nikimwona yule bwana hapa Same mjini, roho yangu hucheka peke yake.

Mama alishuka kutoka Suji akiwa bado msichana, akauza tangawizi kwenye kona ya mtaa wetu mpaka mimi nikawa mtu mzima. Alikuwa na wito wake ambao haukubadilika: "Tangawizi ya mlimani, ina udongo wake. Njoo uvunje mwenyewe, uone." Mteja alichukua kipande, akakivunja mbele yake. Kisipotoa maji, Mama alikitupa, wala hakubishana. Ndiyo ilikuwa sheria ya meza yake, na watu walikuja hata kutoka stendi kuifuata.

Aliyeuza naye meza kwa meza alikuwa mwanamume mwenye maneno matamu. Siku moja alimwomba Mama aite huku yeye ameshika simu, eti akamsikilizishe mkewe. Mama akaita, akacheka. Haukupita muda mrefu Mama akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, ulimi nao ukafa. Alirudi kutoka hospitali akielewa kila kitu na hasemi lolote. Nikamweka chumba cha mbele, karibu na dirisha, apate upepo.

Hapo ndipo alipoanza kujisikia mwenyewe. Yule bwana alihamia kwenye kona ya Mama, akafunga spika juu ya mwamvuli, na humo Mama akawa anaita tangu asubuhi mpaka jua linazama. "Tangawizi ya mlimani, ina udongo wake. Njoo." Kisha inaanza upya. Maneno ya kuvunja alikuwa ameyakata, kwa sababu tangawizi yake haikuwa ya kuvunjwa mbele ya mtu.

Kila spika ilipoanza, Mama aligeuzia uso ukutani. Nilimfuata yule bwana kwa adabu, na adabu ile bado ninaijutia.

"Kaka, naomba uizime hiyo. Mama anaumia."

"Dada yangu, sauti siyo shamba," alisema, akiendelea kupanga bidhaa zake. "Aliitoa mwenyewe kwa hiari. Watu wanaipenda. Mwambie bibi ashukuru, bado anajulikana."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Baada ya shikamoo na marahaba alinisikiliza, akajikuna sikio. "Mwanangu, mjini kelele ni nyingi. Nitajuaje kama inayomsumbua mama yako ni hiyo na siyo nyingine? Niletee ushahidi." Alidhani ananifukuza. Naye ni Mpare, angepaswa kujua.

Asubuhi ya pili niliwasha simu inase sauti, nikaitia kwenye mfuko wa gauni, nikatembea mtaa mzima. Nilitaka mwenyekiti asikie kelele zote, halafu aamue mwenyewe. Nilinasa cherehani za barazani, fundi anayechomelea mageti, mashine ya kusaga, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Nilinasa mabasi ya barabara kuu yakipiga honi kuwaita abiria, na akina mama wawili wakigombana kwa Kipare juu ya mfereji, wakanyamaza waliponiona kisha wakaendelea. Nilipokuwa nikipita nikagundua jambo ambalo sikulitarajia: kila sauti ilikuwa na mwenyewe, amesimama pale pale karibu nayo. Ni moja tu iliyokuwa inafanya kazi huku mwenyewe amelala kitandani.

Nilipofika kwenye kona sikutokea mbele. Nilisimama nyuma ya turubai, magunia yalipo, ninase spika kwa karibu. Nikamsikia yule bwana akizungumza na mkewe.

"Hii iliyosinyaa iloweke kwenye ndoo. Kesho itakuwa imevimba."

"Na akija mtu wa kuvunja?"

"Nani atavunja? Wanamsikia yule bibi, wanaamini. Na bibi mwenyewe sasa bubu, atamwambia nani?"

Mkewe alicheka kidogo. Juu ya vichwa vyao Mama aliendelea kuwaitia wateja.

Nyumbani nilimsikilizisha Mama yote, sikumficha hata neno. Lilipofika lile la bubu, mkono wake wa kushoto ulinishika kifundo cha mkono, ukanibana mpaka kucha zikaingia. Mpaka hapo nilikuwa nataka spika izimwe tu. Kuanzia hapo nilitaka mtu yule aaibike mbele ya wale wale aliowadanganya, na nilitaka niwepo nikitazama. Hasira ya namna ile haipelekwi ofisini. Nilimtumia dada yangu anayekaa Gonja rekodi ile kwa simu, naye akajibu kwa neno moja: "Mchome."

Siku ya gulio nilimwendea muuza dawa ya panya, ambaye yule bwana alishamfukuza kwenye kivuli chake mara nyingi. Aliniazima spika yake bila kuuliza sababu. Nikakaa kwenye kigoda ng'ambo ya barabara, nikaiunganisha na simu yangu, nikaifungua mpaka mwisho.

"Hii iliyosinyaa iloweke kwenye ndoo. Kesho itakuwa imevimba. Nani atavunja?"

Inaanza upya. Watu walisimama. Waliijua sauti ile, maana mwenyewe alikuwa mbele yao, mdomo wazi. Mama mmoja mzee alichukua kipande kutoka mezani, akakivunja. Ndani kilikuwa nyuzi tupu, kimelowa maji ya ndoo. Akakinusa, akakirudisha mezani. Wa pili akavunja, na wa tatu. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile ya tangawizi zikivunjika.

Yule bwana alivuka barabara jasho likimtoka. "Zima hiyo! Umenirekodi bila ruhusa yangu. Hiyo ni sauti yangu."

"Sauti siyo shamba, kaka," nikamwambia. Nilikuwa nimeliweka neno lile kwa ajili yake.

Safari hii mwenyekiti alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Alisikiliza spika ile na spika hii, akatikisa kichwa. "Mkuki kwa nguruwe," alimwambia yule bwana, na hakumalizia. Akaamua mbele ya watu: yeye atoe memori kadi ya sauti ya Mama anikabidhi, na mimi nifute yangu. Yule bwana alinitolea kadi akitazama chini. Nami nikafuta, mwenyekiti akachungulia simu yangu mpaka akaridhika.

Jioni niliitia ile kadi kwenye redio ya Mama. Mbali na kile kipande alichokikata, ilikuwa pia na wito mzima, pamoja na "uvunje mwenyewe, uone", na mwishoni kile kicheko chake cha siku ile. Nilikaa kitandani kwake nikiwa tayari kulia naye. Mama alisikiliza mara moja tu, mpaka kicheko kilipoisha. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaizima. Sauti ile alikuwa ameisikia mno ikimtumikia mtu mwingine.

Akaonyesha mfuko wangu wa simu. Halafu akaonyesha nje, upande wa kona.

Nilielewa, nikampigia dada yangu Gonja. "Nirudishie ile." Nilikuwa nimefuta kweli mbele ya mwenyekiti, kwenye simu ile aliyoichungulia. Sisi hatupotezi ushahidi.

Ikaingia. Tukamsikiliza yule bwana, Mama na mimi, akiuliza bibi bubu atamwambia nani. Ule upande wa mdomo wa Mama ambao bado unasogea ukapanda juu. Akainua kidole, akakizungusha hewani, nikairudia tangu mwanzo.